Beberu Aliyekula Zama za Kale

Katika mtihani wa historia wa kidato cha kwanza niliandika kwamba Dk. Leakey alimgundua Zinjanthropus kule Olduvai miaka 1,750,000 iliyopita. Mwalimu hakunipiga hata mkasi. Aliandika tu pembeni, kwa kalamu nyekundu: “Shikamoo, Dk. Leakey.” Kuanzia hapo nikawa Mzee Leakey, na kuna watoto wa mkondo B walioniamkia hadi tunamaliza shule.

Kinachoniuma ni kwamba hata huyo daktari hakuwa amelipata yeye lile fuvu la Zinj. Aliliona mkewe, Mary, Julai 1959, mzee mwenyewe akiwa kambini anaugulia homa.

Kidato cha nne tukapata mwalimu wa fizikia aliyeamini mawe yana siri na sisi tuna akili. La pili sikumlaumu, alikuwa mgeni. Nilimwambia kwa kujiamini kabisa kuwa Zinj alipimwa kwa kaboni 14. Akacheka. Kaboni hiyo, alisema, hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi; ukishavuka miaka kama 50,000, kuitafuta ni sawa na kutafuta ukoko kwenye sufuria waliyokwisha kuipitia watoto. Kilichopimwa ni majivu ya volkano yaliyotandikwa pale alipolala. Ndani yake mna potasiamu, ambayo polepole mno hugeuka gesi ya agoni. Jiwe likiwa bado uji wa moto, gesi yote hutoroka. Likishaganda, inayozaliwa humo haina pa kutokea. Ihesabu, utajua uji uliganda lini. Hesabu ilipotoka mwaka 1961, Leakey, aliyekuwa amekisia miaka 600,000, alikuta mgeni wake ni mkubwa karibu mara tatu.

Kisha akatoa kazi: kamba ya mita 46, kila mita miaka milioni 100, na vibandiko vya matukio. Nani ana kamba? Darasa zima likamgeukia Mzee Leakey.

Nyumbani Mwanza, Bibi alikuwa na kamba tatu: ya kuanikia nguo, ya ndoo ya kisimani na ya beberu. Nikaziunga zote. Ncha moja nikaifunga kwenye mpera, nyingine nikaizungusha kwenye majabali ya uani hadi jikoni. Vibandiko nikavibandika kwa uji wa ngano. Dalili za mwanzo za uhai ziliangukia mita ya 11. Mijusi wakubwa wa Tendaguru, kule Lindi, walikaa mita moja na nusu tu kutoka mwisho. Zinj alipata nafasi isiyofika sentimita mbili, kibandiko chake kikamfunika yeye pamoja na sisi sote tuliomfuata. Uhuru nikaubandika kwenye ncha kabisa, kwa heshima tu.

Nikaenda kunawa uji mikononi.

Niliporudi, beberu, ambaye sasa hakuwa na kamba, alikuwa amemaliza Uhuru. Akamla Zinj pamoja na wanadamu wote. Mijusi wa Tendaguru hakuwatafuna hata, aliwameza. Nikapiga kelele, akanitazama huku anacheua, kisha akasogea mbele kwenye samaki wa kwanza.

Bibi akatokea na beseni la nguo mbichi.

“Mume wangu, kamba yangu iko wapi?”

“Bibi, hii siyo kamba tena. Ni umri wa dunia.”

“Basi ifungue hiyo dunia, nguo zitavunda.”

Nikamweleza habari za mita na mamilioni, nikamwonyesha jabali lililo nyuma yake: lina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Aliligeukia, akalitazama juu hadi chini kama anayekagua mkwe.

“Nani alikuwepo akahesabu?”

Kabla sijafika kwenye agoni, alikuwa keshalitandaza gauni lake juu ya jabali na kulibana kwa kokoto lisipeperuke.

Asubuhi nilifika darasani na kamba yenye vibandiko vitatu: kuzaliwa kwa dunia, dalili za mwanzo za uhai na jabali la Bibi. Mwalimu akaifuata taratibu hadi mwisho. Ncha ilikuwa bado na mate.

“Binadamu yuko wapi?”

“Ameliwa na mbuzi, mwalimu.”

Akatoa kalamu nyekundu mfukoni.