Nirudishie Mkono Wangu

Wanaowafunda vijana mambo ya usaili wa kazi husisitiza kwamba mkono wa salamu una sekunde chache tu: shika kwa uthabiti, mtazame mtu machoni, tikisa, achia. Ushauri mzuri, ila aliyeutunga hajakutana na mzee wa Kisukuma asiye na pa kwenda.

Huku Mwanza mkono ukishautoa si wako tena. Mzee anaupokea, anasema "Mwangaluka", unaitikia. Anauliza habari za nyumbani, unajibu "mhola". Kisha za watoto, ng'ombe, mvua, pamba, na mjomba wako aliyehamia Geita. Ukiuvuta taratibu, anaukaza. Za ng'ombe hazijaisha. Ukimkodolea macho kama ulivyofundishwa, anajiuliza umelelewa na nani. Heshima ni kupinda goti kidogo na kuushika mkono wa kulia karibu na kiwiko kwa ule wa kushoto. Kwa hiyo mikono yote miwili iko kazini, na simu inaita mfukoni. Usaili wenyewe ndio huo: mzee anapima kama una subira ya kukaa na watu.

Siku ya usaili wangu wa ofisini nilipitia Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Pale mwenye mikono ya magamba hakupi kiganja. Anakunja ngumi na kukusogezea kifundo cha mkono, nawe unashika hapohapo. Shangazi yangu, muuza sangara, alifuata utaratibu huo vizuri kabisa mpaka aliposikia ninakokwenda. Furaha ikamzidi. Akanidaka mkono kwa viganja vyote viwili, akaniombea dua ndefu, na mpaka anasema amina, shati langu jeupe lilikuwa limeshabatizwa hadi kwenye kiwiko. Mwenyekiti wa jopo alinipa mkono wa sekunde chache, kama vitabu vinavyotaka, akaunusa wake chini ya meza, kisha akauliza swali la kwanza: "Kilo ya sangara siku hizi ni bei gani?" Nililijibu vizuri kuliko yote yaliyofuata.

Machi 2020, hofu ya korona ilipotanda, tulidhani ukombozi umefika. Tarehe 3 mwezi huo, Rais Magufuli, mwana wa Chato ng'ambo ya ziwa, na mwanasiasa wa upinzani Maalim Seif Sharif Hamad walisalimiana Ikulu kwa kugusanisha miguu, nchi nzima ikaona. Babu yangu wa Magu aliupenda sana mtindo huo. Tatizo ni kwamba yeye huvaa katambuga za tairi la lori. Salamu ya kwanza ilinipata kwenye kifundo cha mguu, nikaanza kuchechemea. Naye kwa huruma akanishika mkono ili nisianguke. Basi tukaanza upya: watoto, ng'ombe, mvua, pamba.

Vijana wa Makoroboi, hapa mjini Mwanza, wamehamia kwenye gota, ngumi kwa ngumi, kwisha. Kwa wazee haisaidii. Ukimwonesha mzee ngumi, anaifunika kwa kiganja chake kama anayekamata panzi, anakuuliza habari za nyumbani.

Zamani tulikuwa na mwokozi mmoja: kivuko. Pale Kigongo, honi ya kwenda Busisi ikilia, hata mzee aliyekuwa katikati ya habari za ndama alikuachia ukimbie. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia akalifungua daraja, kilomita 3 za zege juu ya maji, na sasa gari linavuka kwa dakika chache, saa yoyote. Tunashukuru kwa maendeleo, lakini kisingizio chetu kimezama. Juzi nilimwambia mzee mmoja pale Kigongo, kwa unyenyekevu wote na goti limepinda, kwamba naomba aniruhusu maana nachelewa. Akautazama mkono wangu ndani ya wake, akalitazama ziwa.

"Unachelewa nini, mjukuu wangu? Daraja linaondoka?"