Umekula na Nani?

Nilisonya kwa nguvu mpaka motari akageuka. Ilikuwa Jumapili, saa kumi na moja jioni, kwenye kona yetu ya Boulevard de Libération hapa Bunia. Kijana alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake akila wali na maharagi ndani ya mfuko, chakula cha malewa ya barabarani, jicho moja likitafuta abiria. Simu yake ikalia. Mama yake anakaa Mudzipela, safari fupi kwa pikipiki hiyo hiyo aliyoikalia. Sote tulisikia: "Umekula?" Akajibu, "Nimekula, mama," akakata, akaendelea kutafuna.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "umekula na nani?"

Hakunielewa. Hapo ndipo gumzo la siku ile lilipoanzia.

Aliyedakia kwanza ni mama anayetukaangia mikate. "Kwangu batoto banakulaka kila mutu na saa yake. Napika saa sita, wa kwanza anakula saa saba, wa mwisho saa tatu ya usiku, chakula iko baridi. Sufuria yangu imekuwa malewa ya bure." Alisema hivyo bila kucheka, akigeuza mikate. Mwalimu mstaafu, ambaye huja pale kusikiliza habari za Radio Okapi kwenye redio ya yeyote aliye nayo, akatikisa kichwa. Nyumbani kwake wako watu kumi na mmoja, alisema, na hakumbuki ni lini wote kumi na mmoja walikaa kuzunguka sufuria moja.

Jambo hili linaniuma, kwa hiyo nitasema wazi ninachoamini. Sisi watu wa Bunia hatukuacha kula pamoja kwa sababu ya njaa. Njaa ipo, siikatai. Lakini nimeona nyumba zenye akiba ya maharagi zikila kama abiria wa gari la mizigo, kila mtu na kona yake. Na nimeona familia iliyokimbia Djugu, imebanana chini ya turubai kambini, wote wamezunguka sahani moja ya bugali. Kilichotutoka ni kupika pamoja. Tuliweka akili zetu mezani, tukasahau kinu.

Waliokulia hapa miaka ya tisini wanajua Jumapili ilivyokuwa. Kwetu Nyakasanza ilianza na mafungu ya majani ya muhogo mara tu baada ya misa. Sombe haina haraka. Majani mabichi yana sumu ya jamii ya sianidi, hasa ya muhogo mchungu; ukitwanga, jani linapasuka na sumu inaachiwa, kisha moto wa muda mrefu, sufuria wazi bila kifuniko, unaiondoa pamoja na mvuke. Bibi zetu hawakuingia maabara, ila walijua kwamba sombe iliyotwangwa nusu na kuchemshwa nusu inaumiza watoto. Basi kinu kikatolewa uani. Na hakuna mtu mmoja anayetwanga sombe ya watu kumi, mikono inakufa. Dada yetu mkubwa alianza, nikampokea, binamu akanipokea, na katika kule kupokezana mchi ndipo tulipojua nani ameanguka mtihani, nani anatazamwa na kijana wa mtaa wa pili, kwa nini shangazi hajafika wiki ya tatu sasa. Papa hakushika mchi, lakini alivuta kiti chake mpaka uani akawa anachambua samaki wa moshi waliopandishwa kutoka Kasenyi, ziwani, akitoa mwiba mmoja mmoja kwa ajili ya wadogo. Mama alikuwa na mawese, vitunguu, biringanya na pilipili, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa mawese ila yeye. Mpaka bugali inasongwa, saa nne zilikuwa zimepita na hakuna mtu aliyebaki na neno la kuficha. Kula kwenyewe kulichukua labda dakika ishirini.

Motari akasonya yeye sasa. "Yaya, siku hizi sombe iko ya mashine. Unafika soko, mama anazungusha mukono, unalipa, unaenda."

Ni kweli, na simlaumu mama yule. Mwanamke anayelima, anayeuza na anayelea ana haki ya kupumzisha mabega yake. Hakuna atakayenisikia nikisema wanawake warudi kwenye mchi ili sisi wanaume tupate kumbukumbu tamu. Ninachosema ni kwamba mchi ushikwe na wote, wanaume mbele.

Mwalimu akainua kidole kama aliye darasani. "Msizungumze kana kwamba tulilala tu, tukaamka tumesahau," alisema. "Tulifundishwa kutengana." Akaanza kuhesabu. Mei 2003, wanajeshi wa Uganda walipoondoka, wanamgambo waligombea mji huu mtaa kwa mtaa, watu wakakimbilia uwanja wa ndege na kituo cha Umoja wa Mataifa, wakalala nje na watoto wao. Juni wakaingia askari wa Ulaya wakiongozwa na Wafaransa, operesheni iliyoitwa Artemis, wakakaa mpaka Septemba. Waliokimbia walirudi, lakini si wote, na jirani aliyezoea kutuletea maziwa Jumapili akawa ni mtu wa kabila lingine. Kisha Agosti 2018 ikatangazwa Ebola huko Kivu Kaskazini, ikapanda mpaka kwetu Ituri. Tukaambiwa tusishikane mikono, na ilikuwa haki kuambiwa hivyo. Nyumba nyingi ziligawa sahani wakati ule. Kabla hiyo haijaisha ikaja Korona. Na tangu Mei 2021 tuko chini ya hali ya kuzingirwa, gavana ni jenerali, na giza likiingia kila mtu anataka kuwa nyuma ya mlango wake.

"Kila mara kulikuwa na sababu," Mwalimu akasema. "Ebola ilitangazwa kuwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020, nilisikia kwa masikio yangu redioni. Nani alitangaza kwamba sasa turudi kwenye sahani moja?"

Hakuna aliyejibu. Mama wa mikate alisonya polepole, ule msonyo mrefu wa mtu anayekubali.

Nami nikakumbuka kinu chetu. Tuliporudi nyumbani mwaka ule wa 2003 tulikikuta kimepasuliwa kuwa kuni. Aliyekipasua alikuwa na sufuria yake na watoto wake, sina kisasi naye. Ila Papa hakununua kingine. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akanunua viti, akanunua mabati mapya, kinu hakununua, nasi hatukumuuliza.

Motari alikuwa na hoja ya pesa, na ni hoja ya kweli. Makaa yamepanda bei. Barabara ya Taifa namba 27 ikishambuliwa, maharagi na viazi vya Djugu na Mahagi vinakwama; namba 4 ikifungwa upande wa Komanda, bidhaa za Beni zinafika kwa kuchelewa au hazifiki, na mama sokoni anapunguza kipimo bila kukuambia. "Kuita watu kwako ni pesa, yaya. Utaita bantu kumi uweke nini?"

Hapo nikasonya tena, na sasa kwa hasira, kwa sababu hilo ndilo kosa letu kubwa. Nani alituambia kwamba ndugu yako wa tumbo moja akija lazima akute kuku, wali, sambusa na kreti ya soda? Tumeufanya mlo wa familia uwe kama harusi. Namjua mama mmoja aliyepokea zamu yake ya mchango wa likelemba, akaimaliza yote kwa Jumapili moja ili shemeji zake wasiseme. Walikula, walimsifu, na hawakukutana tena miezi minane kwa sababu hakuna aliyeweza kumrudishia mwaliko wa namna ile. Chakula cha kila wiki lazima kiwe chakula ambacho mfuko wa kila wiki unakiweza. Maharagi na bugali. Lenga-lenga. Sombe bila samaki, kama samaki hakuna. Muhogo wenyewe ulikuja kwa meli za Wareno kutoka Brazil, karne ya 16, ukaingia bara kidogo kidogo mpaka leo hatujui kuishi bila yeye. Mgeni huyo hakuja na kuku.

Wakaniuliza kama kwangu tunapika na kula pamoja. Tunafanya, tangu mwaka jana, na mwanzo haukwenda vizuri.

Niliwaita dada yetu mkubwa, mdogo wangu anayefanya kazi ya dhahabu upande wa Mongbwalu, na watoto wawili wa kaka yetu marehemu. Tulipanga saa tisa mchana, ili kila mtu awe kwake kabla ya giza. Chakula cha jioni cha Bunia siku hizi kinaliwa jua likiwa juu. Jumapili tatu za kwanza nilinunua sombe ya mashine, nikaipika mwenyewe kuanzia asubuhi, nikataka waikute tayari kama zawadi. Walikuja, walikula, walitazama simu zao. Ndani ya nusu saa sahani zilikuwa tupu na watu wanatafuta viatu. Nilibaki naosha vyombo, nikafikiri labda jambo lenyewe limekufa.

Jumapili ya nne mvua ilinyesha tangu alfajiri, mama wa mashine hakutokea sokoni. Nilipata majani tu, mazima. Nikaazima kinu kwa jirani, mama wa Kialur, naye akakifuata kinu chake akitaka kuona nitakifanyia nini. Waliofika saa tisa walikuta hakuna chakula. Hakuna. Kuna majani, kinu, na moto unaoanza kushika. Dada akavua saa yake, akashika mchi. Jirani akasema bila karanga hiyo si sombe. Dada akasema karanga na mawese haviwekwi sufuria moja. Wakabishana mpaka watoto wakaja kusikiliza. (Mimi niko upande wa dada. Karanga inameza ladha ya mawese. Lakini siku ile tuliweka karanga, maana kinu kilikuwa cha jirani.)

Ilipofika zamu ya mdogo wangu, alitwanga muda mrefu bila kusema. Kisha, bila kusimamisha mchi, akaanza kueleza usiku ule wa Mei 2003 tulipopotezana. Alikuwa na miaka minane. Alisema alibebwa mgongoni mpaka uwanja wa ndege na mwanaume asiyemjua, ambaye lugha aliyotumia kumwomba Mungu njiani haikuwa ya kwetu. Ilikuwa ya wale tuliokuwa tunawakimbia. Miaka zaidi ya ishirini tumekula na mdogo wangu Krismasi, tumezika naye wazazi, hakuwahi kulitaja. Mtoto mkubwa wa marehemu kaka akauliza, "Aliitwa nani?" Mdogo wangu akasema hakumuuliza jina. Akampa mtoto mchi.

Tulikula saa moja usiku, wote wakalala kwangu, wengine chini. Tangu hapo sinunui ya mashine siku ya Jumapili, na saa ya kufika tumeirudisha mpaka saa nne asubuhi. Wiki nyingine ni maharagi, na hapo kazi ya wote inakuwa kuchambua mawe, inatosha kwa mazungumzo ya saa nzima. Mdogo wangu machimbo yakimshika hafiki. Tunamwekea sahani, halafu watoto wanaila.

Motari alikuwa amekunja mfuko wake mtupu, ameushika tu. Akasema kwao hakuna kinu. Mama yake aliwahi kuwa nacho huko Fataki, kabla hawajakimbia.

Mama wa mikate alikuwa anafunika mbabula. Akasema kwake kiko kimoja, kuku wanalalia. Nyumba yake iko nyuma ya pale pale; akamtuma mtoto, wakakileta wawili, wanakiviringisha. Kinu cha zamani, kizito, mdomo umelika upande mmoja. Mwalimu akakishikilia wima kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki huku motari akikifunga kwa mpira wa tairi, mara tatu, akikitikisa kuona kama kitakaa.

"Uirudishe siku ya tatu," mama wa mikate akamwambia. "Na uioshe."

Abiria mmoja akapunga mkono kutoka ng'ambo ya barabara. Motari akamwonyesha kiti kilichojaa, akawasha, akashika njia ya Mudzipela.