Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Marehemu Wetu Bado Wako Kazini

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Utamaduni na Sanaa,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.



Kwa heshima na taadhima naomba ruhusa yako niseme nawe hadharani, mimi mwananchi wa kawaida, mtazamaji wa tamthilia na msikilizaji wa redio. Najua muda wako ni adimu, na meza yako ina mafaili mazito kuliko haya maneno yangu. Niwie radhi kwa kukuchukulia muda huo. Ninaowasemea hawawezi tena kujisemea, ndiyo maana nimethubutu.

Nakuandikia kuhusu wasanii wetu waliotangulia mbele ya haki.

Kabla ya lolote, naomba upokee shukrani. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, akiwa na miaka 28 tu, viongozi wakubwa wa nchi walifika kumuaga kwenye viwanja vya Leaders, Kinondoni, wakasimama jua moja na umati usiohesabika. Mchekeshaji Amri Athumani, Mzee Majuto wetu, alipougua alipelekwa India kwa matibabu, na alipofariki Agosti 2018 taifa zima liliipa Tanga pole. Agosti 2024 tukampoteza mwanamuziki Mandojo, yule wa kundi la Mandojo na Domokaya. Novemba ya mwaka huohuo akaondoka Grace Mapunda, ambaye wengi wetu tulimzoea kwa jina la Tesa katika tamthilia ya Huba. Msiba wa msanii katika nchi hii hauna mgeni: kila anayefika ni mfiwa. Salamu za pole hutoka mapema, rambirambi hutolewa, na mwenye macho haachi kuona kwamba Serikali inawathamini watu hawa. Mungu awalipe, Mheshimiwa, wewe na waliokutangulia kwenye kiti hicho.

Ninachoomba kukifikisha kwako kwa unyenyekevu ni habari ya yale yanayofuata baada ya arobaini.

Turubai hushushwa, kamati ya mazishi huvunjwa, wageni hurudi makwao. Kazi ya marehemu haivunjwi. Vichekesho vya Mzee Majuto vinaendelea kuzunguka kwenye simu zetu, na watoto waliozaliwa baada ya kifo chake wanamcheka kana kwamba yuko jirani. Filamu za Kanumba zinatazamwa hadi leo. Redio zikifungua vipindi vya zilipendwa, sauti za waliolala miaka mingi ndizo zinazowaweka wasikilizaji karibu. Kila anayezitumia kazi hizi hupata chake: kituo kinapata matangazo, ukumbi unapata wateja, mwenye akaunti mtandaoni anapata watazamaji. Naomba kuuliza, kwa adabu yote niliyofunzwa na wazazi wangu: mjane na yatima wanapata nini?

Niruhusu nimtaje Mzee Muhidin Maalim Gurumo, aliyefariki Aprili 2014. Huyu alikuwa miongoni mwa waasisi wa bendi ya NUTA Jazz mwaka 1964, akawamo katika kuanzishwa kwa Mlimani Park mwaka 1978, akapitia pia Orchestra Safari Sound (OSS), na akamalizia safari yake Msondo Ngoma. Aliimba kwa takriban nusu karne. Alipotangaza kustaafu mwaka 2013 ikajulikana kwamba muda wote huo hakuwahi kumiliki gari, na msanii kijana, Diamond Platnumz, akampa gari la zawadi. Tulishangilia, na kijana yule alistahili sifa zote alizopata. Lakini, Mheshimiwa, mzee aliyeimbia taifa miaka hamsini alipaswa kununua gari kwa jasho la nyimbo zake mwenyewe. Zawadi ni hisani ya mtu mmoja kwa mtu mmoja. Wazee wenzake ambao hakuna kijana aliyewakumbuka walikwenda kaburini bila hiyo.

Sheria, kwa bahati njema, tunayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inailinda kazi ya mtunzi katika uhai wake wote na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake, tungo za Mzee Gurumo zinalindwa hadi mwaka 2064, na kinachotokana nazo ni haki ya warithi wake. Kwa waigizaji mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa hatima yao hutegemea sana mkataba. Nawe unajua kuliko mimi jinsi filamu zetu zilivyouzwa enzi za kanda na za DVD: mtayarishaji anauza masta kwa msambazaji, analipwa mara moja, na biashara imekwisha. Mwigizaji naye alishalipwa posho yake siku za kurekodi. Filamu ikirudiwa mara mia, hakuna senti inayorudi kwake, seuze kwa watoto wake.

Wizara yako tukufu ililiona hili mapema. Mwaka 2018, Mzee Majuto akiwa mgonjwa na malalamiko kuhusu mikataba yake yakiwa yamewafikia wakubwa, iliundwa kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii. Nilifarijika sana siku ile, na faraja hiyo ninayo mpaka leo. Januari 2022 Serikali ikagawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii wanaozidi elfu moja. Fedha hizo zikigawanywa ni kidogo kwa kila mmoja, lakini zilithibitisha jambo kubwa: kwamba inawezekana kujua kazi ya nani imepigwa wapi, na mwenyewe akalipwa. Na kama aliye hai anaweza kulipwa, mrithi wa aliyekufa naye anaweza kulipwa. Kinachohitajika ni jina lake liwe limeandikwa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, huku nikiomba usinione mjuaji, naleta mbele yako maombi manne.

La kwanza, kila msanii anayesajili kazi kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, aandike na majina ya warithi wake siku hiyohiyo. Wasanii wetu wengi hufa bila wosia, na wengi hufa vijana. Familia hubaki ikishindana na watu wenye mikataba ambayo yenyewe haijawahi kuiona. Tena pawe na ofisa wa kuwatembelea wafiwa baada ya arobaini, awaelekeze kwa lugha nyepesi: kazi za marehemu ni hizi, haki zenu ni hizi, mlango wa kubisha ni huu.

La pili, mkataba wa kuigiza au kurekodi usikubalike kisheria pasipo kifungu cha malipo ya marudio. Kazi ikioneshwa tena, ikiuzwa kwa kituo kingine au ikitumika kwenye tangazo la biashara, msanii apate sehemu yake, na akifa apate mrithi wake. Mapendekezo ya kamati ile ya 2018 yakichapishwa yote, wasanii chipukizi wakayasoma kabla ya kushika kalamu, hapatakuwa na somo bora kuliko hilo.

La tatu, naomba tuokoe mikanda. Katika miaka ya sitini, sabini na themanini, bendi zetu karibu zote zilirekodi Radio Tanzania, kwa kuwa studio za watu binafsi hazikuwepo. Urithi huo uko mikononi mwa shirika la utangazaji la taifa, TBC. Mikanda ya sumaku huharibika kwa joto na unyevu, na Dar es Salaam ina vyote viwili. Tamthilia za awali za televisheni nazo zilirekodiwa kwenye kanda za namna hiyo. Mkanda ukioza, msanii anakufa mara ya pili, na mrithi anapoteza mali kabla hajaijua. Kuzihamishia kazi hizi kwenye mfumo wa kidijitali, na kuandika kwa kila moja nani alitunga, nani aliimba na nani alipiga gitaa, ni kazi ya fedha na ya miaka. Wazee wanaoweza kuyakumbuka majina hayo wanapungua kila msimu.

La nne ni bima. Bunge lilikwisha kupitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Naomba wasanii, ambao wengi wao hawana mwajiri, wawekewe utaratibu wa kuchangia kupitia vyama vyao na mirabaha yao. Michango ya kwenye simu kwa ajili ya matibabu ya msanii imekuwa desturi yetu. Inaonesha upendo wa Watanzania, lakini inamvua mgonjwa stara yake mbele ya taifa zima katika siku zake za mwisho.

Mheshimiwa Waziri, siombi masanamu wala mitaa kupewa majina ya wasanii, ingawa hayo nayo yakija tutashukuru. Naomba daftari, mkataba, hifadhi na bima. Ni mambo manne yasiyopigiwa makofi siku ya mazishi, lakini ndiyo yatakayoilisha nyumba ya marehemu tukishaondoka pale msibani.

Nakutakia afya njema na hekima katika kazi yako nzito. Ukipata nafasi, nakusihi uanze na familia zilizofiwa mwaka huu. Zile za zamani zimesubiri sana, nazo zifuate bila kukawia. Haki yao imeandikwa katika sheria ya nchi tangu mwaka 1999. Tafadhali, Mheshimiwa, iwafikie.

Wako mtiifu,
Mtazamaji na msikilizaji