Pampu Iliyokula Hewa

Katika ukoo wetu, mtu akionekana mara moja ameshika bisibisi, cheo chake kimeshaandikwa. Mimi ni mhasibu. Lakini zamani niliwahi kugeuza betri za redio ya shangazi zilizokuwa zimewekwa kichwa chini, redio ikaimba, na tangu hapo kila chenye waya kikizima nyumbani kwake napigiwa simu mimi kabla ya fundi. Ndivyo nilivyorithi bwawa la kuogelea.

Shangazi ana nyumba ndogo ya wageni Kigamboni. Pampu ya kuzungusha maji ya bwawa ilikuwa imegoma, na joto la Dar es Salaam halisubiri mtu: maji yasiyozunguka hayapati klorini sawasawa, yakikosa klorini yanaota mwani, na mwani ukishaingia vyura hawahitaji kadi ya mwaliko. Kadi nyingine zilikuwa zimeshatoka. Harusi ya binti yake ilikuwa inakaribia na ndugu wa Maskati walishakata tiketi.

"Mwanangu," shangazi akaniambia kwenye simu baada ya shikamoo na marahaba, "hebu njoo uniambie hii mashine inakula nini. Maana maji tunaipa kwa ndoo na haishibi."

Ilikuwa inakula hewa. Ukiijaza maji na kuiwasha, inavuta vizuri, maji yanarudi bwawani kwa nguvu na kila aliyesimama pale anamshukuru Mungu. Halafu vipovu vinaanza kucheza chini ya kifuniko cha plastiki angavu. Mngurumo unageuka mkoromo. Mshale wa geji ya filta unashuka taratibu mpaka sifuri, na ndani ya kile chungu chenye kikapu cha kukamata majani yanabaki maji ya kunawia vidole. Unazima. Unafungua kifuniko. Unaita ndoo.

Pampu ya aina hii ina impela, gurudumu lenye mapanga linalorusha maji nje kwa kasi. Ikipata hewa haina cha kurusha, inajizungukia bure. Na ingawa sote husema pampu inavuta maji, kwa kweli haivuti. Inapunguza presha ndani ya bomba tu, kisha hewa iliyolalia bwawa ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Galileo aliandika mwaka 1638 juu ya pampu za kunyonya zinazogoma maji yakifika kimo fulani, kama mita 10 kwa vipimo vya leo, na miaka michache baadaye Torricelli akaeleza kwamba uzito wa hewa ndio unaobeba ile safu ya maji, na hauwezi kubeba zaidi ya hapo. Sisi wa Kigamboni, tulio usawa wa bahari, tuna haki ya mita zote 10. Wenzetu wa Nairobi, kwa kukaa juu mita 1,700 hivi, wamepunjwa: wanabakiwa na 8 na kitu.

Pampu ya shangazi haikuombwa hata mita moja. Mjenzi aliipandisha juu ya jukwaa la saruji ili mafuriko ya masika yasiifikie, basi. Kwa hiyo hewa ya Kigamboni haikuwa imeishiwa nguvu, ila ilikuwa imepata njia ya mkato. Ukinywa dafu kwa mrija uliotoboka, mwenyewe unajua kinachofika mdomoni.

Tatizo la tundu la namna hii ni kwamba halidondoshi hata tone. Upande wa kuvutia, presha ya ndani ya bomba ni ndogo kuliko ya nje, kwa hiyo maji hayatoki, hewa ndiyo inayoingia. Na mafundi wetu wamelelewa kutafuta palipolowa. Pakavu hawana wasiwasi napo.

Fundi wa kwanza hakufungua kitu. Aliweka sikio kwenye mota, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa huruma. "Bosi, mota imechoka. Nipe laki nane nikakutafutie nyingine." Mota yenyewe ilikuwa ikizunguka vizuri kabisa, hakuna kitu pale kilichokuwa kinafanya kazi kwa bidii kuliko hiyo mota. Fundi wa pili alikuja na silikoni ya tyubu akakipaka kila kiungo alichokiona, na sehemu ya ukuta. Alipoondoka pampu ilikuwa inakula hewa kama kawaida, na valvu moja ilikuwa haigeuki tena.

Kisha kuna jirani, mzee mstaafu ambaye hana bwawa wala pampu, lakini kila jioni alikuja na maoni mapya. Mengi nimeyasahau kwa makusudi. Moja lilinikera kwa sababu lilikuwa sahihi: alisema maji ya bwawa yamepungua. Kweli. Skima, lile dirisha la ukutani linalovuta maji ya juu pamoja na majani yake, linataka maji yafike katikati ya mdomo wake. Shangazi, kwa kubana matumizi ya boza, alikuwa ameyaacha yakashuka hadi skima inagugumia hewa kwa mafunda. Tukaita boza. Tukasafisha na kikapu, tukatoa majani ya mwarobaini, kibanio cha nywele na kandambili moja ya mtoto. Pampu ikajitahidi zaidi kidogo, kisha ikakoroma.

Hapo ndipo Babu alipoomba nafasi. Babu ni mlinzi wa usiku, na muda wote huo alikuwa amekaa getini akitutazama tunavyopishana na ndoo.

"Mjukuu wangu, mimi nilinyamaza tu nisije nikaonekana naingilia kazi za watu waliosoma. Mashine hii imekaliwa. Tafuteni ubani."

Nilitegemea shangazi acheke. Shangazi hajawahi kuukataa ubani maishani mwake. Nusu saa baadaye bodaboda ilikuwa getini na ubani, makaa na chetezo cha shangazi mwenyewe cha siku ya Ijumaa. Kwenye daftari la matumizi nikaandika: matengenezo, mengineyo.

Babu akawasha makaa, akanyunyiza ubani, akaanza kuizunguka pampu huku ikinguruma, akisoma anayoyajua. Jioni ile hakukuwa na upepo, moshi ulipanda wima. Alipofika kwenye kifuniko, ukapinda. Akarudi nyuma, ukanyooka. Akasogea tena, ukapinda, ukajikunja, ukaingia pale kifuniko kinapokutana na chungu, mahali pamoja tu, upande wa ukutani ambako hakuna fundi aliyejisumbua kuinama.

"Umemwona?" Babu akaninong'oneza. "Anakimbilia ndani."

Nilikuwa nimemwona. Marekani wanaotunza mabwawa hutumia povu la kunyolea ndevu: unalipaka kwenye viungo, na penye tundu linanyonywa. Wengine humwagia maji kiungo kimoja baada ya kingine, na vipovu vikikatika ghafla wanajua wamefika. Ubani sijauona kwenye kitabu cha maelekezo cha pampu yoyote, na nadhani ni uzembe wa waandishi.

Tulipofungua, ule mpira wa duara unaokaa chini ya kifuniko haukuwa wa kiwandani. Fundi fulani wa zamani alikata ukanda wa tyubu ya baiskeli akaunganisha ncha zake kwa gundi, na gundi ilikuwa imeachia. Kisha akaupaka mafuta ya mgando, haya ya kujipaka mwilini. Mafuta hayo hutokana na mafuta ghafi, na mpira wa namna ile haupatani nayo. Huvimba na kulegea. Kinachotakiwa ni grisi ya silikoni, kidogo tu. Mpira halisi tuliupata Kariakoo, kwa bei isiyokaribia hata kidole kimoja cha laki nane.

Usiku ule pampu ilifanya kazi bila hata kipovu. Tukaizima, tukalala watu wenye heshima zao. Asubuhi chungu kilikuwa kikavu.

Kumbe siku zile zote za mabishano, kila tulipoiacha pampu ikinguruma bila maji wakati mafundi wanatoa hotuba, chungu kilikuwa kinapata moto. Kile kipande cha plastiki chenye uzi, kinachounganisha bomba na mdomo wa pampu, kililainika na kusinyaa ndani ya uzi wake. Pampu ikinguruma, hewa iliyopenya hapo ilikuwa kidogo na maji yalikwenda nayo. Pampu ikizimwa usiku kucha, ile hewa ilikuwa na muda wa kutosha, na maji yakateremka kurudi usawa wa bwawa. Babu aliitwa tena na chetezo, safari hii kwa makubaliano ya malipo, na moshi ukaonyesha palepale. Kipande kipya, tepu ya kutosha kwenye uzi, kazi ikaisha kabla ya chai ya saa nne.

Ndugu wa Maskati walifika, wakalisifia bwawa, wakapiga picha nalo kwa nguo zao zote za harusi, na hakuna hata mmoja aliyeingia majini. Fundi wa mota bado ananipigia kuuliza kama tumeshaamua.

Nawe kama una pampu ya namna hii, usiiache ingurume kavu, na kabla hujatoa pesa ya mota fungua kifuniko uutazame mpira. Ukishindwa, Babu yuko getini kuanzia saa kumi na mbili jioni. Ubani njoo nao mwenyewe.