Ainisho la Wanandoa Wakarabati: Mfano wa Lamu

Wanazuoni wa pwani wamekwisha kuainisha nyota, pepo, samaki, na hata majini kwa kabila na tabia zao. Wanandoa wanaohamia nyumba ya kale kando ya bahari na kuanza kuikarabati bado hawajapata mwanazuoni wao, ingawa kuwapata ni rahisi: fuata vumbi jeupe kichochoroni mpaka usikie watu wawili wakikubaliana kwa sauti ya juu. Makala haya yanajaribu kuziba pengo hilo. Lamu imechaguliwa kwa sababu mji wake wa kale, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, una nyumba za mawe za kutosha, na vichochoro vyake ni vyembamba mno kwa gari, hivyo mtafiti hapotezi neno.

1. Makazi ya kiumbe

Nyumba ya mawe ya Lamu huanzia kwa mgeni kwenye daka, yaani ukumbi wa mlangoni, ambako hukaa barazani asione kitu. Baada ya daka kuna tekani, kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi kwa mbingu, kisha msana wa tini na msana wa yuu, halafu ndani, penye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani. Kila chumba sakafu hupanda kidogo na siri huongezeka. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki kwa salama zaidi ya mita tatu hivi. Hii ni kanuni ya kwanza: mke na mume na waote sebule pana kadiri wapendavyo, mwenye kauli ya mwisho ni mkoko.

Kanuni ya pili ni ya umiliki. Kwa desturi ya waungwana wa Lamu, baba humpa binti yake nyumba au ghorofa, na bwana harusi ndiye anayehamia. Ndugu wakitaka kukaa karibu zaidi, hujenga wikio, chumba kinachopita juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili. Kwa hiyo mume mkarabati huhamia mahali ambapo kila ufa una historia na kila historia ina shangazi. Naye, kama binadamu yeyote, anataka kuacha alama yake. Alama hiyo, kitaalamu, huja katika mfuko wa kilo 50.

2. Madhehebu

(a) Wanasaruji. Hawa huamini kwamba kazi ina mwisho. Saruji hushika kwa saa chache, na wahandisi huipima nguvu yake siku ya 28. Mwanasaruji huipenda sana namba hiyo. Kabla ya masika ataupiga lipu ukuta mzima wa matumbawe, ausugue ung'ae, apige picha. Bahati mbaya ukuta huo hunywa unyevu na una chumvi ndani yake. Ukizibwa, maji hutafuta njia juu zaidi, chumvi hukauka nyuma ya lipu na kuwa fuwele, fuwele huvimba, na lipu huanguka mabamba mabamba, kwa kawaida wageni wakiwapo. Mwanasaruji halisi hutibu hali hiyo kwa saruji. Na kama mchanga ulichotwa ufukweni bila kuoshwa, kutu ya nondo humalizia mjadala.

(b) Wanachokaa. Hawa huamini kwamba kazi haina mwisho, na ushahidi wanao. Chokaa ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni, yakazimwa kwa maji. Hukaza polepole kwa kunyonya kabonidioksidi kutoka hewani. Ni laini kuliko jiwe, hivyo chumvi hula chokaa ikaliacha jiwe, na mwenye nyumba hupaka tena. Kasoro ya dhehebu hili hujitokeza kwa waliokithiri: husubiri chokaa ikomae, mchanga uoshwe, na mgongo wa fundi mzee ajuaye zidaka upone. Huku wakisubiri, familia hulala chini ya turubai.

(c) Wananakshi. Huanza na mlango. Utawakuta nyuma ya mlango mzuri kuliko yote mtaani, wakipika kiwandani chini ya mwavuli.

(d) Wanabirika. Spishi adimu. Huanza na maji: hurekebisha birika, hutia samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, huzibua mtaro, hutengeneza choo, kisha ndipo wanahamia. Hawana la kumwonyesha mgeni ila usingizi wao. Mtafiti hakukaa nao sana kwa kuwa hawagombani.

3. Ndoa za madhehebu mawili

Kwa kawaida mume huwa Mwanasaruji na mke Mwanachokaa. Wachambuzi wa haraka husema ni tabia ya kijinsia. Si kweli. Mke amekulia humo, amemwona bibi yake akipaka kuta kila inapokaribia Ramadhani, na anajua ukuta gani hulia kusi ikivuma. Mume ana likizo yenye tarehe ya kwisha. Mazungumzo yao huwa ya mfumo huu:

"Mama Salma, hapa tukipiga saruji leo, tumemaliza."

"Utakuwa umemaliza wewe, Baba Salma. Ukuta bado."

"Kwani ukuta huu ni wa nani?"

Hapo fundi, ambaye ameona ndoa nyingi akiwa juu ya ngazi, hushuka kutafuta chai. Anajua kwamba swali hilo halikuhusu ukuta, na kwamba likifunikwa litafanya vilevile ifanyavyo chumvi nyuma ya lipu. Wanandoa wanaoligusa kila mwaka, kidogo kidogo, hudumu kuliko wanaolimaliza mara moja.

4. Vizuizi kutoka nje

Ucheleweshaji umegawanyika sehemu tatu. Wa bahari: saruji huvushwa kutoka Mokowe bara, mawe hutoka kisiwa cha Manda, na mashua iliyosheheni haipendi gati wakati maji yametoka. Wa punda: hubeba mchanga mpaka mlangoni, lakini ana maoni yake kuhusu mizigo na njia. Wa watu: msiba, harusi, na Maulidi, ambapo hata Mwanasaruji mkubwa huweka mwiko chini na kuvaa kanzu. Vitabu vya ujenzi huvihesabu vizuizi hivi kuwa hasara. Makala haya yanavihesabu kuwa dawa, maana wanandoa waliokuwa hawasemezani tangu walipogombana juu ya zidaka hupata adui wa pamoja kwenye mashua ambayo haikufika.

5. Hitimisho na pendekezo

Ukarabati uanzie birikani, uendelee kwa chokaa, na mlango ungoje paa. Lakini kuishi bila saruji kabisa ni kumnyima mume alama yake, na mume asiye na alama huanza kuangalia kuta za ndani. Pendekezo letu ni kwamba akabidhiwe shimo la maji taka. Hapo saruji ni halali, siku 28 zina maana, na jiwe la kale haligusani nalo. Achimbe, amwage zege, asugue, awaonyeshe wageni. Ndiyo sehemu pekee ya nyumba ambayo hakuna shangazi atakayedai kwamba anaikumbuka tangu utotoni.