Karanga Juu ya Dari

Mjomba wangu wa Ruangwa ana mwanawe Stockholm, na huyo binamu ndiye chanzo cha yote. Kila baridi ikiwabana kule hupiga simu kusifu nyumba yake: madirisha ya vioo tabaka tatu, kuta zilizoshindiliwa sufi, kila ufa umezibwa, bili imeshuka. Mjomba alilisikia hilo la mwisho tu.

Ruangwa hatupashi nyumba moto. Jua linatufanyia bure. Huku kusini linapita utosini mara mbili kwa mwaka, Oktoba likienda na Februari likirudi, na ya Oktoba ndiyo mbaya, maana mvua bado na bati limeshika moto tangu saa nne asubuhi. Ukiingia sebuleni kwa mjomba saa nane mchana, kofia unavua kwa heshima, shati unavua kwa lazima.

Akaita fundi. Luva za zamani, zilizokuwa zikifunguka zote, zikang'olewa, yakaja madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Yanapendeza, sikatai. Ila dirisha la kusukuma ulifungue utakavyo, nusu yake imejificha nyuma ya nusu nyingine: umelipia zima, upepo unapewa nusu. Fundi akapaka silikoni pembeni, kisha akaziba kwa saruji hata matundu ya hewa yaliyokuwa juu ya madirisha. “Mzee, sasa hata mbu atabisha hodi.”

Mbu kweli hawakuingia. Lakini joto halikuwahi kupitia dirishani. Lilikuwa linashuka kutoka kwenye bati, na sasa halina pa kutokea. Usiku kuta za tofali nazo zikaanza kutema jua lililomezwa mchana. Mjomba akanunua feni ya pili, lakini feni haipoozi hewa, inaizungusha tu, na uniti za umeme wa LUKU zikawa hazifiki Ijumaa. Mkewe hakubishana na mtu. Alichukua mkeka wake akahamia barazani.

Fundi wa pili alitoka Nachingwea, mtu wa maneno machache. Aliangalia juu, akasema adui yuko kule. Akataka dari ya jipsamu, matundu kwenye ncha za paa ili hewa ya moto itoke, na kitu chepesi chenye hewa ndani kilazwe juu ya dari. Hicho kitu madukani hakikuwepo. Mjomba akaenda Nachingwea kukitafuta, akarudi na magunia ya maganda ya karanga.

Wenyeji wa Nachingwea mmeshaanza kucheka. Baada ya Vita vya Pili Waingereza walikuja hapo kulima karanga kwa matrekta, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kuzisafirisha, wakateketeza mamilioni ya pauni, na Januari 1951 wakatangaza kuachana na mpango. Reli nayo ikang'olewa. Mjomba aliyajua hayo. “Wao walizilima,” alisema. “Mimi nazilaza tu.”

Na kwa haki, yalifanya kazi. Ganda la karanga ni hewa iliyofungiwa, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Mchana uliweza kugusa dari bila kuutoa mkono mbio. Mjomba alilala chumbani, akaipigia Stockholm simu kujigamba.

Tatizo, waliokoboa walikoboa kwa haraka. Kila gunia lilibaki na punje zake, na panya wa Ruangwa hawahitaji tangazo. Sisi kelele tumezoea, timu yetu ya Namungo ikicheza nyumbani mji mzima unajua, lakini mechi ya darini ilianza usiku na haikuwa na mapumziko. Mjomba akampandisha paka mchana. Paka akashuka kabla ngazi haijaondolewa: kule kati ya maganda na bati ni tanuri, na panya, kwa kulijua hilo, wanafanya zamu ya usiku peke yake. Paka naye akahamia barazani, kwenye mkeka wa mke wa mjomba.

Sasa maganda yanateremshwa, yapepetwe punje zitoke, yarudi. Matundu ya hewa yamezibuliwa kwa nyundo. Zimebaki luva, ambazo fundi wa kwanza alizibeba kama vyuma chakavu. Anazo bado, amezihifadhi vizuri, na anamuuzia mjomba kwa bei ya mpya. Mjomba ameomba apunguziwe kwa kuwa ni mteja wa zamani. Fundi anasema ndiyo maana anampa hiyo bei.