Hifadhi ya Bei Chee Inapofika Feri

Hifadhi ya mtandaoni ni nafasi ya kuwekea mafaili ndani ya kompyuta za kampuni iliyo mbali, ambazo mwenye mafaili huzifikia kwa intaneti, neno la siri na subira. Ya bei chee ni ile inayotolewa bure mpaka kiwango fulani, au kwa ada ya mwezi inayokaribiana na bei ya sahani ya wali samaki kwa mama lishe. Katika eneo la Feri, jijini Dar es Salaam, penye soko la samaki na kivuko cha Kigamboni, huduma hii hutafutwa na watu ambao hawakuwahi kujihesabu kuwa na mafaili: wapara samaki, madalali wa mnada, wauza barafu, na abiria wa pantoni wanaofanya kazi mjini na kulala Kigamboni.

Mafaili yao yanajulikana. Ipo picha ya kitambulisho cha taifa, mbele na nyuma, upande mmoja ukiwa na ukungu. Vipo vyeti vya kidato cha nne vilivyoskaniwa steshenari vikatoka vimepinda. Zipo picha za daftari la mali kauli, lenye majina ya waliochukua samaki asubuhi kwa ahadi ya kulipa jioni. Hizi ndizo zenye thamani kuliko zote, kwa kuwa daftari la karatasi likilowa maji ya samaki, wanaofurahi ni wadaiwa. Mengine yote, ambayo ni mengi kupita kiasi, ni video za harusi, mawaidha, mahubiri, vichekesho, na picha za maua zenye maandishi ya kumtakia mtu asubuhi njema.

Simu inayobeba hazina hiyo huishi maisha ya hatari. Kutwa nzima iko karibu na maji ya chumvi, barafu na mafuta ya moto ya wakaanga samaki. Zamani iliviringishwa kwenye rambo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, mwenye simu hana budi kutumia mfuko mbadala, ambao hupitisha maji bila ubaguzi. Simu iliyonusurika na maji hukutana jioni na foleni ya mabasi ya mwendokasi pale Kivukoni, ambako mkono wa mtu mwingine huweza kuingia mfukoni kwa upole kuliko wa mwenye mfuko. Ndipo wazo la kuweka nakala mbali na mwili linapoanza kuonekana la busara.

Jaribio la kwanza kwa kawaida halihusu mtandao. Ni safari fupi ya kwenda Kariakoo kununua flashi. Huko, juu ya meza za barabarani, huuzwa flashi iliyoandikwa terabaiti 2 kwa bei ambayo haitoshi kununua kava zuri la simu. Siri yake ni nyepesi. Ndani ya kila flashi kuna kidude kinachoijibu kompyuta inapouliza ukubwa, na katika bidhaa hizi kidude hicho kimefundishwa uongo. Nafasi halisi huwa labda gigabaiti 8 au 16. Mafaili huingia vizuri mpaka nafasi hiyo ijae. Baada ya hapo, mapya huandikwa juu ya ya zamani au hupotea moja kwa moja, huku orodha ya majina ikibaki kamili. Anayefungua folda huona kila kitu kipo. Anayefungua faili haoni kitu. Flashi za namna hii huuzwa duniani kote, hata kwenye maduka ya mtandaoni yenye nyota nyingi za sifa, kwa hiyo si haki kuitupia Kariakoo lawama zote.

Hata flashi ya kweli ina kasoro yake: hukaa kwenye droo moja na daftari. Soko kuu la Kariakoo lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, wenye maduka walioweka mali, risiti na kumbukumbu chini ya paa moja walikuwa na kitu kimoja tu mbali na moto, nacho ni miili yao. Hoja ya kuhifadhi mbali haihitaji maelezo zaidi ya hayo.

Mtumiaji hurudi basi kwenye mtandao na kutafuta cha bure. Google ilipozindua Gmail tarehe 1 Aprili 2004 na kugawa gigabaiti 1 bila malipo, wengi walidhani ni mzaha wa Siku ya Wajinga. Tangu mwaka 2013 kila akaunti hupewa gigabaiti 15, zinazogawanywa kati ya barua pepe, mafaili na picha. Picha zilikuwa na msamaha wao, ziliingia bila kikomo zikishapunguzwa ubora, mpaka Juni 2021 msamaha ulipofutwa. Mwaka 2024 nakala za WhatsApp kwenye simu za Android nazo zikaanza kuhesabiwa, na hapo maua ya asubuhi njema yakawa mzigo wenye bei. Nafasi iliyowahi kuonekana kubwa kama ghala ikajaa salamu.

Baada ya kujaa huja tangazo la nafasi isiyo na kikomo, au la malipo ya mara moja kwa maisha yote. Historia ya matangazo hayo ingefaa kusomwa kabla ya kutoa kadi. Microsoft iliahidi nafasi isiyo na kikomo mwaka 2014 kwa waliolipia Office 365, kisha mwaka 2015 ikaiondoa ahadi hiyo, ikieleza kuwa baadhi ya wateja walikuwa wamejaza zaidi ya terabaiti 75. Bitcasa, kampuni iliyojitangaza kwa sifa hiyohiyo, iliacha kuitoa mwaka 2014. Megaupload ilifungwa na serikali ya Marekani Januari 2012, na watu waliokuwa wameweka picha za familia wakajikuta mashahidi wa kesi isiyowahusu. Kuhusu malipo ya maisha yote, maisha yanayokusudiwa ni ya kampuni. Mteja hupaswa kuuliza umri wa kampuni hiyo.

Kulipa nako kuna mkasa. Kampuni nyingi hizi hazina lipa namba. Hutaka kadi, na mpara samaki ambaye pesa yake yote iko kwenye simu hulazimika kutengeneza kadi ya mtandaoni kupitia huduma ya pesa za simu, kuitia kiasi kamili, na kugundua kuwa kiasi kamili hakitoshi, kwa sababu ada ya kubadili fedha na kodi havikutajwa kwenye tangazo. Kadi hukataliwa kwa upungufu wa shilingi mia nne. Huongezwa elfu moja. Hukataliwa tena, safari hii kwa sababu muda wa ukurasa umeisha.

Malipo yakipita, kinachofuata ni kupandisha mafaili, na hapa ndipo hesabu ya hifadhi ya bei chee hugeuka. Kasi ya intaneti hutangazwa kwa megabiti, lakini ukubwa wa mafaili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Mwenye gigabaiti 50 za mafaili na mtandao unaopandisha megabiti 2 kwa sekunde anahitaji sekunde 200,000, yaani zaidi ya saa 55 mfululizo, bila simu kuzimika, bila mtu kupiga, bila mwenye simu kupanda pantoni na kuhama mnara. Wengi pia huamini kuwa bando huliwa na kushusha tu, na kwamba kupandisha ni kama kutupa taka, hakulipiwi. Kunalipiwa. Gigabaiti 50 zinazopanda hula gigabaiti 50 za bando, na bando hilo huweza kuzidi ada ya nafasi yenyewe kwa mwaka mzima. Chumba ni cha bei chee. Nauli ya kukifikia ndiyo inayomaliza mfuko.

Kwa hiyo huzuka mbinu. Wapo wanaopandisha usiku wa manane kwa bando la usiku, simu ikiwa chini ya mto, na kuamka saa kumi kuwahi mnada wakakuta imefika asilimia 3, kwa kuwa simu yenye memori ndogo huzizima yenyewe programu zinazofanya kazi kisirisiri ili kuokoa memori na betri. Wapo wanaofanya urafiki na mlinzi wa jengo lenye Wi-Fi. Na wapo wanaokata tamaa na kupandisha kilicho muhimu tu, uamuzi ambao ungefaa uwe wa kwanza.

Mkasa unaoleta majonzi makubwa kuliko yote hutokana na kutofautisha vibaya vitu viwili: kuhifadhi nakala na kuoanisha. Nakala ni faili la pili linalojitegemea. Kuoanisha ni mpango wa kuhakikisha simu na seva zina kitu kilekile kila wakati, na huduma nyingi za bei chee hufanya hili la pili huku zikijitangaza kwa la kwanza. Mtumiaji akishaona picha zake zimefika salama, huzifuta kwenye simu ili apate nafasi. Programu, kwa utii wa kupigiwa mfano, huzifuta na kwenye seva. Kwa kawaida zilizofutwa hubaki kwenye kapu la taka kwa siku 30. Anayehitaji daftari la mali kauli mwisho wa mwezi mara nyingi hukumbuka siku ya 31.

Wakati mwingine kosa si la mtu wala programu. Intaneti ya Tanzania kwa sehemu kubwa husafiri kwa nyaya zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi: SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009 na EASSy ikafuata mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 zote mbili zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kwa siku kadhaa, faili lililokaa salama kabisa kwenye seva ya ng'ambo mara nyingi halikuweza kufunguliwa na mwenyewe, jambo ambalo kwa maana moja ni usalama wa hali ya juu. Katika mazungumzo ya nyaya za baharini papa husingiziwa sana. Uchunguzi wa miaka mingi duniani unaonyesha kuwa wakosaji wakubwa ni nanga za meli na zana za uvuvi, na papa anayepatikana Feri huwa tayari ameshakatwa vipande, asiweze kujitetea.

Neno la siri lina sura yake. Huandikwa nyuma ya kava la simu, nayo simu huibwa pamoja na kava lake. Wengine hulisahau na kutegemea ujumbe wa uthibitisho unaotumwa kwenye laini, laini iliyokuwamo kwenye simu iliyoibwa. Kuirudisha laini kunahitaji alama ya kidole, kama ilivyo tangu usajili wa alama za vidole uanze, na vidole vilivyopara changu na kushika barafu miaka kumi havisomeki kwa urahisi. Wakala hufuta kioo, mteja hufuta kidole kwenye suruali, mashine hukataa vyote viwili. Huduma chache hufunga mafaili kwa namna ambayo hata kampuni haiwezi kuyafungua bila neno la siri la mteja. Hili ni jema mpaka siku mteja anaposahau, na kampuni humjibu kwa heshima kwamba haijui.

Hofu ya wengi ni kwamba wazungu wataiba picha zao. Hatari iliyo karibu zaidi iko steshenari, kwenye kompyuta ambayo mtu alifungua akaunti yake kuprinti wasifu wa kuombea kazi, akalipa, akaondoka, akaiacha wazi. Folda ya vilivyoshushwa ya kompyuta hiyo ina vitambulisho vya mtaa mzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu jambo hilihili, ingawa bango lililobandikwa ukutani kwa kawaida linasema tu kwamba kopi ya rangi haikopeshwi.

Kurudisha mafaili, ambako ndiko kusudi la shughuli nzima, hufanyika siku simu mpya inaponunuliwa. Hapo mtumiaji hukuta picha elfu kadhaa zenye majina ya mtindo wa IMG, tarehe, WA na namba nne, kwa sababu WhatsApp huziita hivyo na hakuna aliyewahi kuzibadilisha. Daftari la mali kauli limo humo. Limo kati ya keki ya harusi ya binamu na tangazo la kiwanja Chanika. Kulitafuta kunahitaji kushusha, na kushusha kunahitaji bando. Wenye uzoefu hutuma picha ya daftari kila jioni kwa mke, kwa shemeji, na kwenye kundi la WhatsApp lenye mwanachama mmoja ambaye ni wao wenyewe. Wahandisi wangesema mambo mengi juu ya mpango huo, lakini wenye uzoefu hulipata daftari kwa dakika moja.

Mwisho wa huduma huja kimyakimya. Kadi ya mtandaoni iliyotengenezwa kwa malipo ya kwanza haina salio la malipo ya pili. Kampuni hujaribu kukata, hushindwa, hujaribu tena, kisha huandika barua pepe ya kuonya kuwa mafaili yatafutwa baada ya muda fulani. Huandika ya pili na ya tatu, kwa lugha inayozidi kuwa kali. Zote hutumwa kwenye anwani ya bure ambayo gigabaiti zake 15 zimejaa, na sanduku la barua pepe lililojaa halipokei barua.